Programu zinazofanya kazi chinichini kwenye kompyuta: namna ya kuzitambua, kuzizima na kuziondoa

Umeweka bando asubuhi, ukawasha hotspoti ya simu, ukaunganisha kompyuta ili kijana wako ajaze fomu ya mkopo wa elimu ya juu. Kabla hajafika ukurasa wa pili, simu inapokea ujumbe kwamba umetumia asilimia 75 ya kifurushi. Hakuna aliyetazama video wala kupakua muziki. MB zimekwenda wapi?

Swali hili huulizwa sana na wasikilizaji wetu wa Lalago, Maswa, Bariadi na vijiji vya jirani, hasa wenye steshenari, walimu, makatibu wa AMCOS na wanafunzi walionunua kompyuta mpakato zilizokwishatumika. Mara nyingi jibu limo ndani ya kompyuta yenyewe. Zipo programu zinazofanya kazi bila kuonekana kwenye kioo, na wahenga walishasema: kikulacho ki nguoni mwako.

Makala hii inaeleza programu hizo ni nini, zipi ni za lazima, zipi unaweza kuzizima na namna ya kuziondoa bila kuiharibu kompyuta. Maelekezo ni ya Windows 10 na Windows 11, ambazo ndizo zinazopatikana zaidi katika ofisi na steshenari zetu. Mwishoni tunazungumzia simu pia.

Huduma ya chinichini ni nini?

Ukifungua Word au kivinjari cha Chrome, unaona dirisha lake. Ukilifunga, unajua umemaliza. Lakini kompyuta ina programu nyingine zisizo na dirisha. Zinaamka kompyuta inapowashwa, hata kabla hujaandika nywila yako, na zinaendelea na kazi hadi utakapoizima. Windows huziita "Services", yaani huduma.

Nyingi ni za lazima. Kuna inayopanga foleni ya kurasa zinazokwenda kwenye printa, inayotafuta Wi-Fi, inayotoa sauti na inayolinda kompyuta dhidi ya virusi. Bila hizo kompyuta haifai kwa kazi.

Nyingine zimekuja na programu ulizoweka mwenyewe. Ukiweka programu ya printa, inaweza kuleta huduma ya kutafuta matoleo mapya na nyingine ya kutuma taarifa kwa kampuni iliyoitengeneza. Ukiifuta programu hiyo, wakati mwingine huduma zake hubaki.

Kundi la tatu ni zile zilizoingia bila ruhusa yako, kwa njia ya flashi, programu ya wizi au kiambatisho cha barua pepe. Hizi ndizo hatari.

Pamoja na huduma, kuna ndugu zake watatu wa kuwafahamu. Wa kwanza ni programu zinazoanza pamoja na kompyuta, ambazo mara nyingi huonekana kama vialama vidogo karibu na saa. Wa pili ni kazi zilizopangiwa muda, kwa mfano kila siku saa sita mchana. Wa tatu ni viongezi vya kivinjari na tovuti zilizopewa ruhusa ya kutuma arifa. Mtu anaweza kuzima huduma zote asizozijua na bado bando likaisha, kwa sababu mlaji yuko katika mojawapo ya makundi haya.

Kwa nini ni jambo la kujali?

Sababu ya kwanza ni fedha. Kompyuta huonyesha matumizi ya mtandao kwa kipimo cha Mbps. Ukitaka kujua ni MB ngapi kwa sekunde, gawa kwa 8. Programu inayovuta 0.8 Mbps inatumia MB 0.1 kwa sekunde. Hiyo ni MB 6 kwa dakika na MB 360 kwa saa. Kifurushi cha GB 1 kitaisha kabla ya saa tatu, hata kama umekaa tu unaiangalia kompyuta.

Sababu ya pili ni mwendo. Kompyuta ndogo yenye RAM ya GB 4 ina nafasi finyu. Huduma ishirini zisizo na kazi zikikaa humo, Word inaganda na mteja aliyefuata nakala moja anasubiri nusu saa.

Sababu ya tatu ni umeme. Prosesa inayofanya kazi muda wote hupata joto, feni inalia na betri inaisha haraka. Anayetumia sola anaona tofauti hiyo jioni.

Sababu ya nne ni siri. Kompyuta ya steshenari hupita namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, nywila za Ajira Portal na maombi ya mikopo ya HESLB. Kompyuta ya AMCOS ina majina ya wakulima na kilo zao za pamba. Huduma moja ya wizi inayonakili kila herufi inayobonyezwa inatosha kuwaumiza watu wengi wasiojua hata kwamba kompyuta hiyo ina tatizo.

Kabla hujagusa kitu

Fanya mambo matatu.

Kwanza, nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje au flashi safi.

Pili, weka alama ya kurudia. Katika sehemu ya kutafutia ya Windows andika "Create a restore point", fungua, chagua diski C, kisha bonyeza "Create". Ikiwa kitufe hicho hakibonyezeki, ingia "Configure" uwashe ulinzi kwanza. Mambo yakiharibika, unaweza kuirudisha mipangilio ya kompyuta ilivyokuwa siku hiyo.

Tatu, chukua daftari. Kila huduma utakayobadilisha, andika jina lake na ilivyokuwa mwanzo. Mafundi wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayookoa mtu siku printa inapogoma na hakuna anayekumbuka kilichozimwa.

Hatua ya kwanza: mtambue mlaji

Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la "Task Manager". Likiwa dogo, bonyeza "More details".

Utaona safu za prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao. Bonyeza neno "Network" juu ya safu. Programu inayotumia mtandao zaidi itapanda juu. Fanya hivyo hivyo kwa "CPU" na "Disk". Usiamue kwa kutazama mara moja. Acha kompyuta itulie dakika tano bila kuigusa, kisha tazama tena. Programu inayokula nguvu nyingi wakati hakuna anayefanya kazi ndiyo ya kuhojiwa.

Utakutana na jina "Service Host" mara nyingi, pengine hata mara hamsini. Usishtuke. Hilo ni kama basi linalobeba huduma za Windows. Bonyeza mshale wa pembeni uone abiria ni nani. Faili lake linaitwa svchost.exe na makazi yake halali ni folda ya System32 ndani ya folda ya Windows. Ukibonyeza kulia na kuchagua "Open file location", kisha ukaona faili lenye jina hilo limekaa kwenye "Downloads", "Temp" au "AppData", hapo kuna jambo.

Kuona matumizi ya siku nyingi, ingia "Settings", kisha "Network & Internet", halafu "Data usage". Katika Windows 11, sehemu hiyo iko ndani ya "Advanced network settings". Hapo programu zimepangwa kwa MB zilizotumia ndani ya siku 30.

Hatua ya pili: punguza zinazoamka na kompyuta

Anzia hapa, kwa sababu hapa madhara ya kukosea ni madogo. Ndani ya "Task Manager" fungua sehemu ya "Startup" au "Startup apps". Utaona jina la programu, kampuni iliyoitengeneza na uzito wake wakati wa kuwasha kompyuta.

Programu za mikutano ya video, za muziki, za michezo na za kupakua mafaili hazina haja ya kuamka zenyewe. Ibonyeze kulia, chagua "Disable". Programu haijafutwa, utaifungua mwenyewe siku ukiihitaji. Usizime ya antivairasi, ya sauti wala ya pedi ya kugusa.

Kisha tazama vivinjari. Katika Chrome ingia "Settings", halafu "System", uzime sehemu inayoruhusu programu kuendelea kufanya kazi baada ya kivinjari kufungwa. Edge nayo ina swichi kama hiyo chini ya "System and performance", pamoja na "Startup boost". OneDrive ikiwa inapandisha picha na mafaili yako mtandaoni, isimamishe kwa kubonyeza alama ya wingu karibu na saa na kuchagua kusitisha.

Kama unaona matangazo yanaruka pembeni ya kioo yakisema kompyuta yako ina virusi, mara nyingi hiyo si huduma wala kirusi. Ni tovuti uliyoipa ruhusa ya kutuma arifa. Ingia kwenye mipangilio ya arifa ya kivinjari na uifute tovuti usiyoijua.

Hatua ya tatu: dirisha la huduma

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R. Andika services.msc kisha bonyeza Enter. Litakuja dirisha lenye orodha ndefu. Kila mstari una jina la huduma, maelezo yake, kama inafanya kazi sasa hivi, na namna inavyoanza.

Namna za kuanza ni hizi:

- "Automatic": inaamka yenyewe kila kompyuta inapowashwa.
- "Automatic (Delayed Start)": inaamka yenyewe, lakini inasubiri kidogo.
- "Manual": inalala mpaka programu nyingine iiite.
- "Disabled": imefungwa, hata ikiitwa haiamki.

Kwa huduma usiyo na uhakika nayo, ipeleke kwenye "Manual" badala ya "Disabled". Ikihitajika kweli, Windows itaweza kuiamsha. Ibonyeze mara mbili, badilisha namna ya kuanza, bonyeza "Stop", kisha "OK". Fanya moja, washa upya kompyuta, tumia siku moja au mbili, ndipo uende kwa nyingine. Ukizima kumi kwa mpigo na mtandao ukapotea, hutajua ni ipi iliyosababisha.

Njia rahisi ya kutenganisha za Windows na za wageni ni hii: bonyeza Windows na R, andika msconfig, fungua sehemu ya "Services", weka tiki kwenye "Hide all Microsoft services". Zitakazobaki ni za kampuni nyingine. Kwa mtumiaji wa kawaida, hapa ndipo pa kufanyia kazi. Za Microsoft ziache, isipokuwa unajua hasa unachofanya.

Zinazoweza kuzimwa bila wasiwasi mwingi ni huduma ya faksi kama huna mashine ya faksi, huduma za Xbox kama huchezi michezo, na ile ya ramani zilizopakuliwa. Kwenye kompyuta yenye diski ya zamani inayozunguka, "Windows Search" na "SysMain" wakati mwingine hufanya diski ifikie asilimia 100. Unaweza kujaribu kuzisimamisha uone kama kuna nafuu. Kama hakuna, zirudishe.

Hizi usiziguse

Kuna orodha zinazosambaa kwenye makundi ya WhatsApp zinazosema ukizima huduma fulani hamsini kompyuta itakimbia. Nyingi zinaua kompyuta. Acha hizi kama zilivyo:

- "Remote Procedure Call": huduma nyingi sana za Windows zinaitegemea, ingawa jina lake linaonekana la kutisha.
- "DHCP Client" na "WLAN AutoConfig": bila hizi, intaneti na Wi-Fi hupotea.
- "Plug and Play": ndiyo inayotambua flashi, kipanya na printa.
- "Windows Audio": sauti.
- "Cryptographic Services" na "Windows Event Log": zinahusika na usalama na kumbukumbu za mfumo.
- Huduma za Microsoft Defender na Windows Firewall: ndizo mlinzi wa mlangoni.
- "Windows Update": tutaizungumzia hapa chini.

Mfano wa printa

Huduma ya "Print Spooler" inafundisha vizuri kwamba huduma moja inaweza kuwa ya lazima kwa mtu mmoja na mzigo kwa mwingine. Kazi yake ni kupanga foleni ya kuchapa. Katika steshenari, ukiizima, printa inakufa papo hapo, hata kama waya na wino viko sawa.

Lakini Julai 2021 huduma hiyo hiyo ilikutwa na tundu la usalama lililopewa jina PrintNightmare, ambalo lilimwezesha mhalifu kuendesha programu zake kwenye kompyuta ya mtu. Microsoft ililazimika kutoa kiraka cha dharura mwezi huo huo bila kusubiri ratiba yake ya kawaida. Kwa hiyo mwenye printa anaiacha "Print Spooler" ikifanya kazi na anapokea viraka. Asiye na printa kabisa anaweza kuizima na kufunga mlango usiotumika.

Na kwa wenye printa, huu ni msaada wa siku mteja amejaa mlangoni na karatasi haitoki. Fungua dirisha la huduma, bonyeza kulia kwenye "Print Spooler", chagua "Stop". Nenda diski C, folda ya Windows, System32, spool, kisha PRINTERS, ufute mafaili yaliyomo ndani bila kuifuta folda yenyewe. Rudi kwenye huduma, chagua "Start". Foleni iliyokwama imekwisha. Tuma kazi upya.

Kuiondoa huduma kabisa

Kuzima na kuondoa ni mambo mawili. Huduma iliyozimwa bado ipo. Kuiondoa, anza na mzizi: ingia "Settings", "Apps", tafuta programu iliyoileta, bonyeza "Uninstall", kisha washa upya kompyuta. Mara nyingi huduma itaondoka na mama yake.

Ikibaki, fungua dirisha la huduma, ibonyeze mara mbili na uangalie mstari wa juu, "Service name". Hilo ndilo jina lake halisi. Lile linaloonekana kwenye orodha ni la maonyesho tu. Kisha katika sehemu ya kutafutia andika cmd, bonyeza kulia, chagua "Run as administrator". Andika sc stop ukifuatisha na jina halisi ndani ya alama za kunukuu, bonyeza Enter. Halafu andika sc delete na jina lile lile. Amri hii haina kikapu cha taka, kilichofutwa kimefutwa. Usiitumie kwa huduma yoyote ya Microsoft.

Anayetaka kuona kila kitu kinachoanza na kompyuta mahali pamoja, iwe huduma, kazi zilizopangiwa muda au viongezi, anaweza kutumia Autoruns. Ni programu ya bure kutoka Sysinternals, kitengo ambacho Microsoft ilikinunua mwaka 2006. Ipakue kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, si kwenye flashi ya rafiki.

Zinazojificha kwa jina zuri

Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili katika zaidi ya kompyuta 200,000 kwenye nchi takriban 150 na kudai fedha. Hospitali nyingi za Uingereza ziliahirisha matibabu. Kirusi hicho kilijiandikisha ndani ya Windows kama huduma yenye jina linalosomeka kama kituo cha usalama cha Microsoft. Mtu aliyepitia orodha haraka angeiona na kusema hii ni ya kulinda kompyuta. Kiraka cha kuzuia tundu lililotumika kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huo. Wengi walioathirika hawakuwa wamekiweka.

Kabla yake, mwishoni mwa 2008, kirusi cha Conficker kilienea kwa mtandao na kwa flashi. Nacho kilijifanya huduma, kisha kikazima huduma za masasisho na za ulinzi ili kisitolewe. Dalili hiyo inafaa kukumbukwa hadi leo: ukikuta Defender na "Windows Update" vimezimwa na hukuvizima wewe, shuku mara moja.

Katika mazingira yetu milango mikubwa ni mitatu. Wa kwanza ni flashi inayopita kompyuta kumi kwa siku. Wa pili ni Windows au Office iliyofunguliwa kwa programu ya wizi. Programu hizo humtaka mtu azime antivairasi kwanza, na baadhi huacha huduma inayoendelea kuishi ndani. Wa tatu ni programu za kuongoza kompyuta kutoka mbali, kama AnyDesk na TeamViewer. Zenyewe ni halali na zina msaada. Lakini fundi akiiweka na nywila ya kudumu, ana ufunguo wa ofisi yako hata akiwa Mwanza. Kama kazi yake imekwisha, iondoe.

Ukishuku kuna mgeni, ondoa kompyuta kwenye mtandao. Fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", "Scan options", kisha chagua ukaguzi wa "Offline scan". Kompyuta itajizima na kujikagua kabla Windows haijaamka, kazi inayochukua takriban dakika 15. Ikishakuwa safi, badilisha nywila zako kwa kutumia kifaa kingine. Ikiwa mgeni anarudi kila mara, dawa ni kupiga Windows upya kutoka chanzo halali, baada ya kunakili nyaraka zako.

Masasisho: yadhibiti, usiyaue

Ushauri unaosikika sana mitaani ni kuzima "Windows Update" ili kuokoa bando. Habari za WannaCry zinaonyesha gharama yake. Yapo mambo matatu bora kuliko hilo.

Moja, iambie kompyuta kwamba intaneti yako ni ya kulipia kwa MB. Ukiwa umeunganishwa na hotspoti, ingia "Settings", "Network & Internet", "Wi-Fi", fungua mtandao wako, washa "Metered connection". Windows itapunguza sana upakuaji wa chinichini kila ukitumia hotspoti hiyo.

Mbili, zima "Delivery Optimization", sehemu inayoruhusu kompyuta kupokea masasisho kutoka kompyuta nyingine na kuwapelekea wengine. Iko ndani ya mipangilio ya masasisho.

Tatu, panga siku. Mara moja kwa mwezi peleka kompyuta mahali penye intaneti isiyohesabu MB, au nunua kifurushi cha usiku, iache ijisasishe. Hakikisha betri imejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, Windows inaweza kushindwa kuwaka.

Ikumbukwe pia kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa bure kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 7 ilisitishwa tangu 14 Januari 2020. Kompyuta hizo zinawaka bado, lakini zisizopata viraka hazifai kwa kazi zenye siri za watu.

Na simu je?

Mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Kwenye simu za Android, fungua Mipangilio, nenda kwenye matumizi ya data, utaona kila programu na MB zake. Gusa ile inayokula sana na uzime data ya chinichini. Washa kiokoa data, kinachoandikwa "Data Saver" kwenye simu za Kiingereza. Katika WhatsApp, zima upakuaji wa wenyewe wa picha na video unapotumia data ya simu. Katika Play Store, chagua programu zisasishwe kwa Wi-Fi pekee.

Programu iliyokuja na simu na isiyofutika, tafuta kitufe cha kuizima. Programu uliyoipokea kama faili la APK kwenye WhatsApp, ifute. Ikikataa kufutika, tazama mipangilio ya usalama, sehemu ya wasimamizi wa kifaa, uondoe tiki yake kwanza.

Kuwa mwangalifu na programu za mikopo zinazoomba kusoma majina ya watu uliowahifadhi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Ujumbe wa kitapeli unaokutaka ubonyeze kiungo, usiubonyeze; utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu iliyowekwa na TCRA.

Wajibu wa mwenye kompyuta

Anayefanya kazi na taarifa za watu ana wajibu kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa azilinde. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu anayeingia kwenye kompyuta ya mwingine bila ruhusa. Mwenye steshenari afute nakala za NIDA na vyeti baada ya kumhudumia mteja, na asihifadhi nywila za wateja kwenye kivinjari. Mteja naye, kabla hajaondoka, ahakikishe ametoka kwenye akaunti yake.

Ukipeleka kompyuta kwa fundi, muulize maswali manne: umezima huduma gani? Umeweka programu gani mpya? Umeacha programu ya kuingia kutoka mbali? Defender iko hai? Fundi mzuri atakujibu bila kuudhika na atakuandikia kwenye karatasi.

Mwisho, msikilizaji wetu, usianze kazi hii siku ya mwisho ya kutuma maombi wala asubuhi ya mnada. Chagua Jumapili tulivu, betri imejaa, daftari liko mezani. Zima moja, jaribu, andika, ndipo uende kwa nyingine.